Kabla ya Makabati ya Vioo, Nunua Daftari

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anakusanya vyombo vya kale vya pwani ili afungue makumbusho madogo mtaani kwake, naye anauliza aanze na makabati ya vioo au taa. Kama sisi sote tulioshikwa na hamu hii, anataka watu waingie na washangae. Namsihi aanze na daftari.

Nilipokuwa nikikusanya mbuzi za kukunia nazi, vifumbu vya kuchujia tui na keekee za kutobolea mbao za mafundi wa majahazi, mtaalamu mmoja alivitazama vyote mara moja tu akaviita takataka za jikoni. Neno hilo bado linaniuma. Hata hivyo, kila chombo nilikiandikia jina la aliyekitoa, chumba kilimokaa na namna kilivyotumika; na mwaka huu, makumbusho moja kubwa ilipotaka kuonyesha jiko la zamani la pwani, ilinijia mimi, kwa kuwa vyombo ilikuwa navyo lakini maelezo yake hayakuwapo. (Nilihakikisha mtaalamu yule anapata mwaliko.)

Asiyeamini na aende Gedi, mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alichimba kuanzia 1948 hadi 1958. Baadhi ya nyumba katika magofu yale zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Mkasi ule, lau ungeokotwa kimyakimya na kuuzwa, leo ungekuwa kipande cha chuma chenye kutu, na nyumba yenyewe ingebaki kuta tupu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache pupa ya kujaza rafu. Anayekuletea kinu, mwulize kwanza nani alikitwangia, tena umwulize mbele ya bibi aliyekitumia, maana wajukuu hubuni. Gae la kaure likitokeza ardhini baada ya mvua, usilifukue; lipige picha, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2006 hairuhusu uchimbaji wa mambo ya kale bila leseni. Chombo ulichokabidhiwa kihalali kiandikie nambari ndogo mahali pasipoonekana, nambari hiyohiyo uitie daftarini, na nakala ya daftari uiweke katika nyumba nyingine.