Nilifuata maji ya Jinja hadi yanapoishia

Nilikuwa na miaka tisa nilipoandika jina langu kwenye kandambili iliyokatika, nikaitupa mtoni. Kaka yangu akapaza sauti, "Msalimie Farao!" Sisi ni watoto wa Walukuba, Jinja, nchini Uganda. Wazazi wetu walitoka kila pembe kuja kufanya kazi viwandani, Kiswahili kikawa ndicho cha uani, na mto ukawa ndiyo habari yetu ya nchi za mbali. Wenye mitumbwi pale chanzo cha Nile walikuwa wakiwaambia wageni kwamba maji huchukua miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania, safari ya kilomita zaidi ya 6,000. Nikahesabu miezi mitatu kwa vidole.

Nimekwenda kuona yanapofikia nikiwa na miaka arobaini. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Wengi wananiuliza niliwezaje, basi nawaandikia wenye safari moyoni na mfuko mdogo kama wangu.

Chagua mahali pamoja. Nilipokuwa nikisema "nataka kuiona Misri", kila niliyemwambia alinipangia safari yake yeye: piramidi, Luxor, ngamia, hoteli yenye bwawa la kuogelea. Bei ilipanda mpaka ndoto ikanitisha. Siku niliyosema nataka kusimama pale Nile inapoingia baharini, basi, hesabu ikaeleweka: visa, tiketi ya ndege, basi la kwenda na kurudi, siku saba za kula na kulala. Katika kila sare kumi nilizoshona, faida ya moja iliingia kwenye chama chetu cha akiba, na sikuigusa. Ilichukua miaka minne. Mjomba alisema fedha hizo zingetosha kuanza kununua kiwanja, na hakukosea. Nilimsikiliza kwa heshima, nikaendelea kuweka.

Hapa lazima niseme jambo lililoniumiza. Mwaka wa tatu nilimpa wakala mmoja wa Kampala shilingi 800,000 anishughulikie visa. Simu yake ilizimika wiki ya pili, ofisi nikaikuta inauza vipodozi. Nililia njia nzima kwenye teksi, kuanzia Mukono mpaka nyumbani. Nakusihi, nenda ubalozini mwenyewe. Foleni ipo, lakini nilikuta wanaeleza vizuri wanachotaka. Mtu aliyejiajiri hana barua ya mwajiri, kwa hiyo nilipeleka leseni ya biashara, taarifa ya benki na picha za duka langu. Usilipe tiketi kabla ya visa kutoka. Weka nafasi tu. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani ya pasipoti, maana sisi tunaotoka Uganda tunaulizwa.

Jambo jingine ambalo wenzetu wa nchi nyingine huenda hawalijui: mwanamke wa Uganda akisema anasafiri kwenda nchi za Waarabu, watu husikia kyeyo, yaani kwenda kufanya vibarua ughaibuni. Majirani walinipa pole. Pale Entebbe afisa aliniuliza mara tatu nani ananipokea na nitafanya kazi gani. Sikukasirika, kwa sababu mabinti wetu wamepotea kweli huko, na afadhali kuulizwa. Nilimwonyesha tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, na leseni yangu. Ziweke karatasi hizo mkononi, si ndani ya sanduku.

Ndege ilichukua kama saa tano. Cairo ni kubwa na ina kelele kuliko nilivyowahi kufikiria, ila kwa mwanamke aliye peke yake treni ya chini ya ardhi ina mabehewa ya katikati yaliyotengwa kwa wanawake. Nilipanda hayo tu nikawa na amani. Beba koti. Mwanzo wa Machi usiku ulinichoma mifupa.

Kiswahili kilinisaidia kuliko Kiingereza. Sukari ni sukkar, samaki ni samak, chai ni shay. Kwenye hesabu ya fedha ndipo nilipofurahi kabisa: ishirini, arobaini, hamsini, mia, wote tunaelewana kwa matamshi ya karibu. Muuza machungwa alidhani ninajua Kiarabu nikaficha.

Basi la Ras el-Bar, kule Nile inapoingia baharini, linapita Damietta, mji wa maseremala. Vitanda na viti visivyopakwa rangi vimerundikwa nje ya karakana, barabara inanuka gundi na mbao. Kama fundi, nilitamani kushuka. Ras el-Bar yenyewe ni mji wa mapumziko ya kiangazi, na Machi migahawa mingi ilikuwa imefungwa. Upepo ulivuma kutoka baharini. Mwisho wa mji kuna ncha ya nchi wanayoiita Lisan, ulimi, kama sisi tunavyosema lisani. Upande mmoja mto, upande wa pili bahari.

Mzee mmoja alikuwa anavua kwa ndoano. Akaniuliza nimetoka wapi. "Uganda," nikasema. Akaweka fimbo yake chini. "Manabi en-Nil!" Chemchemi za Nile. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa, ina sukari nyingi mno, akawa ananyoosha kidole kusini na kucheka kwa furaha. Niligundua kwamba mto wao pia wanauita bahr, bahari.

Nilikuwa nimeshasoma kwamba maji mengi yanayofika Misri yanatoka nyanda za juu za Ethiopia, na kwamba karibu nusu ya maji yanayotoka kwetu huishia juani kwenye vinamasi vya Sudd, Sudan Kusini. Habari hiyo ilikaribia kunivunja moyo kabla sijaondoka. Pale niliinama nikachovya kidole upande wa mto, nikaonja, kisha nikavuka hatua chache nikachovya upande wa bahari. Nilimpigia kaka yangu. Alikuwa ufukweni Masese, kwetu Jinja, nikasikia samaki wakipimwa nyuma yake. "Umefika?" akauliza. Sikuweza kujibu mara moja.

Sasa ninaitaka Khartoum, pale mto wetu unapokutana na ule wa buluu. Vita havijaniruhusu. Muhula huu nimeanza tena: sare kumi, faida ya moja.