Kifaa cha kukata gesi kwenye trela: kinaona nini, na nini hakioni?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nimenunua trela la kusafiria lililokwishatumika. Lina mitungi miwili ya propani mbele, jiko, friji ya gesi, hita ya maji na hita ya chumba. Rafiki yangu ananishauri nifunge kile kifaa chenye geji kinachokaa kati ya mtungi na regulata (kipunguza presha ya gesi), ambacho boksi lake limeandikwa kuwa kinakata gesi chenyewe ikivuja. Nikikifunga, naweza kuacha friji ikiwaka kwa gesi nikiwa barabarani? Halafu aliniazima chake nikijaribu, na tangu hapo jiko linawaka moto mdogo, kama linataka kuzimika. Tatizo ni nini?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kifunge, ni kifaa cha maana. Ila friji uizime upande wa gesi na koki za mitungi uzifunge kabla hujaondoka, kifaa kiwepo kisiwepo. Sababu iko kwenye hayo maneno ya boksi, “kinakata gesi ikivuja”. Ni kweli, lakini kwa aina moja tu ya kuvuja.

Ndani ya kifaa hicho kuna kigololi au pistoni ndogo inayoshikiliwa na springi. Gesi ikipita kwa kasi ya kawaida, springi inashinda na njia inabaki wazi. Mpira wa gesi unaotoka mtungini ukipasuka au ukichomoka, gesi inakimbia ghafla, kigololi kinasukumwa hadi kwenye kiti chake na njia inazibwa. Mimi nakiita kizuia mbubujiko. Hakina pua. Hakijui kama gesi imefika kwenye moto au imemwagika sakafuni. Kinachojua ni kasi peke yake.

Sasa piga hesabu nami. Hita ya chumba, jiko na hita ya maji vikiwaka pamoja vinaweza kufika kilowati 20 hivi, na hizo zinataka karibu lita 800 za gesi kwa saa. Kizuia mbubujiko lazima kiruhusu kiasi hicho, la sivyo kingekukatia gesi kila ukiwasha hita. Sahani moja ya jiko ya kilowati 2.5 inatumia kama lita 100 kwa saa. Mtoto akiigusa swichi yake ikafunguka bila moto, kifaa kitaona kuna mtu anachemsha maji, basi. Na propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kukusanyika chini. Inaanza kuwa na uwezo wa kuwaka ikifika takriban asilimia 2.1 ya hewa. Chukua sakafu ya mita za mraba 12 na tabaka la sentimita 10 juu yake: lita 25 zinatosha. Hiyo ni robo saa ya sahani moja iliyo wazi, na geji kule mbele bado inaonyesha kila kitu ni shwari.

Kuna upungufu mwingine ambao wauzaji hawautaji. Kifaa kinakaa upande wa presha kubwa, kabla ya regulata. Bomba la chini ya trela likikatika, yaani baada ya regulata, gesi inayotoka inabanwa na regulata yenyewe. Mara nyingi haifikii ile kasi ya kukikurupusha kizuia mbubujiko. Vivyo hivyo bomba likipondwa na jiwe likapasuka nusu. Ndiyo maana siwezi kukuambia usafiri na koki wazi kwa kukitegemea.

Kwa safari kuna kifaa kingine kabisa, regulata yenye kihisi cha ajali. Ndani yake kuna uzito unaodondoka trela likigongwa au kupinduka, na gesi inakatwa papo hapo. Ulaya, anayetaka hita ya gesi iwake gari likiwa linatembea anatakiwa awe na kinga ya kuzuia gesi kumwagika ajalini, na kihisi hiki ndiyo njia ya kawaida, kikiambatana na mipira yenye kinga ya kupasuka. Hata ukiwa nacho, kwenye kituo cha mafuta bado unazima. Moto wa friji uko nyuma ya matundu ya pembeni ya trela, wazi kwa hewa ya nje, na mvuke wa petroli hauulizi una kifaa gani. Vivuko na mahandaki mengi nayo yana masharti yake ya gesi. Friji iliyopoa vizuri usiku, mlango usipofunguliwa-funguliwa, inabaki na ubaridi wake saa kadhaa. Kama ina upande wa umeme wa volti 12, tumia huo ukiwa barabarani.

Sasa moto mdogo. Hapa sina shaka kubwa: umefungua koki ya mtungi haraka. Mpira ukiwa mtupu, gesi inarukia ndani kwa kishindo, na kifaa kinadhani mpira umekatika. Kinaziba, ila baadhi ya vifaa hivi huacha upenyo mdogo wa kupitisha gesi kidogo. Upenyo huo unatosha kwa friji, ila hautoshi kwa jiko. Kumbuka pia kwamba mipira ya mitungi ya kisasa yenye nati kubwa ya plastiki ya kukaza kwa mkono ina kizuizi cha namna hii ndani ya nati yenyewe, kwa hiyo tatizo linaweza kubaki hata baada ya kumrudishia rafiki yako chake. (Plastiki hiyo ina kazi nyingine: moto ukiikaribia inalainika, na vali ya mtungi inajifunga.)

Dawa yake: zima vyombo vyote, funga koki ya mtungi, subiri dakika chache. Kisha fungua koki polepole sana, robo mzunguko kwanza, usimame kidogo mpaka sindano ya geji itulie, ndipo uendelee. Kama kifaa chako kina kitufe cha kubonyeza juu ya geji, kibonyeze kama maelezo yake yanavyosema. Washa sahani moja kabla ya vingine. Kikikata tena na tena licha ya kufungua taratibu, huenda kuna mahali gesi inatoka. Tafadhali usikichomoe ili “kirahisishe maisha”.

Kuhusu geji, usiisome kama kipimo cha gesi iliyobaki. Propani ya majimaji inatoa presha kulingana na joto: karibu bar 7 kwenye nyuzi 20, karibu bar 4 kwenye sifuri, mtungi uwe umejaa au umebakiza kidogo. Faida yake halisi ni kupima uvujaji. Funga vyombo vyote, fungua koki mpaka presha ijae, funga koki, weka alama sindano ilipo, kaa dakika 15. Sindano ikishuka na jua halijabadilika, kuna tundu. Litafute kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo, sabuni isiyo na amonia wala klorini kwa sababu hizo zinaila shaba. Kipimo hiki kinaugundua hata ule uvujaji mdogo ambao kizuia mbubujiko chenyewe hakiwezi kuushtukia.

Kwa ule uvujaji wa polepole unapolala unahitaji kitu chenye pua, yaani king'ora cha gesi kilichounganishwa na vali ya umeme kwenye bomba. Kikinusa gesi kinapiga kelele na kuifunga vali. Chagua vali inayokaa imefungwa isipopata umeme, ili betri ikifa gesi ikatike, isibaki wazi. Ujue tu kwamba vali ya namna hiyo inakula umeme muda wote inapokuwa wazi, na ukikaa siku nyingi bila kuchaji utauona upungufu. King'ora kinawekwa chini karibu na sakafu, si juu kama cha moshi. Kigeuze uangalie nyuma yake: vingi vina tarehe ya mwisho, kwa kawaida miaka 5 hadi 7, na kwenye trela lililokwishatumika ningetegemea kuikuta imepita. Kitufe cha majaribio kinapima kelele na umeme, hakipimi pua.

Mwisho, jiko lenyewe. Washa kila sahani, ziache dakika mbili, kisha uzime moto kwa kupuliza bila kugusa swichi. Fungua madirisha kwanza. Tega sikio: ndani ya dakika moja hivi unapaswa kusikia “tk” ndogo, ni sumaku inaachia vali baada ya kijiti cha kuhisi joto kupoa. Usiposikia kitu na gesi ikaendelea kusikika ikitoka, funga swichi mara moja. Jiko hilo halina kinga ya moto kuzimika, au imekufa. Majiko mengi ya zamani ya trela hayakuwa nayo kwenye sahani za juu. Kama jiko lako ni la aina hiyo, ningenunua king'ora chenye vali ya umeme kabla ya kile chenye geji.

Mitungi utakapoibadilisha, kagua washa ya mpira kwenye kiungo kila mara. Nati ya plastiki kaza kwa mkono tu, spana inaipasua.