Helebori Nakuru? Soma hii kwanza

Dada, umeuliza kama helebori, yale maua ya bustani za Uingereza, zitachanua hapa Nakuru mwezi wa 7. Kusema ukweli sikushauri, asili yake ni Ulaya na Asia magharibi, inataka baridi kali ya miezi kadhaa ndio itoe maua vizuri, yetu ni ya kuvaa sweta asubuhi tu, alafu mmea wote ni sumu kwa hivyo kama uko na watoto ama mbuzi chunga sana. Badala yake, kama uko na mahali pa kivuli, tafuta ua linaitwa Impatiens sodenii, huo ni wetu wa Kenya na Tanzania, maua bapa meupe ama pinki hafifu, yanapendeza sana aki! Kata kijiti kinono, toa majani ya chini, dunga kwa udongo wenye samadi iliyooza, usiache ukauke.