Kabla ya Kuchagua Rangi ya Kupamba Chombo, Soma Namba ya Koni

Anayeanza kupamba vyombo vya udongo huvutwa na rangi iliyo kwenye kibandiko. Geuza chupa usome nyuma: unatafuta namba ya koni, yaani kipimo cha joto la tanuri ambalo rangi hiyo inahitaji. Koni 06 hadi 04 ni nyuzi 1000 hadi 1060 za Selsiasi hivi. Koni 6 ni kama 1220. Hiyo sifuri si pambo. Glezi (mpako wa juu unaong'aa) ya koni 06 ikipelekwa koni 6 inakuwa maji, inatiririka ubavuni na kukigandisha kikombe kwenye rafu ya tanuri. Ya koni 6 ikichomwa kwa 06 inatoka kavu, inakwaruza, haina mng'ao. Udongo nao una kikomo chake. Mwekundu mwingi hulegea na kupinda ukifikishwa koni 6. Na vyungu vinavyochomwa uwanjani kwa kuni, kama vya Wakisi wa Matema kando ya Ziwa Nyasa, havifiki joto la glezi hata kidogo.

Glezi ni kioo kinachoyeyuka. Rangi ya chini, ile inayopakwa chini ya glezi, ni udongo uliotiwa madini ya rangi. Haiyeyuki kama glezi, ndiyo maana mstari unabaki pale ulipouchora. Maua, maandishi na vidoti vidogo ni kazi yake. Paka udongo ukiwa umekaza lakini bado una unyevu, au baada ya kuchoma mara ya kwanza. Chombo kilichokwisha kuchomwa hunywa maji haraka, brashi ikakwama katikati ya mstari. Kipanguse kwanza kwa sponji yenye unyevu.

Mkono mmoja wa rangi huacha michirizi ya brashi. Mikono mitatu hufunika, ila subiri kila mmoja upoteze mng'ao wa maji kabla ya kupaka mwingine. Juu yake glezi isiyo na rangi, mikono miwili au mitatu, myepesi. Ikizidi hugeuka maziwa na mchoro wako unazama ukungu. Acha milimita 3 chini bila glezi, na kitako ukipanguse kabisa.

Rangi zinazosumbua ni waridi na damu ya mzee. Nyingi hutengenezwa kwa kromu na bati, na zinki iliyomo kwenye baadhi ya glezi huzigeuza kahawia. Tafuta glezi isiyo na zinki. Kwenye udongo mwekundu, njano na samawati hufifia. Tanguliza uji wa udongo mweupe.

Jaribu kwanza kwenye vigae vidogo vya udongo uleule, nyuma uandike kwa rangi nyeusi ya chini jina la glezi na idadi ya mikono. Kumbukumbu ya kichwani haidumu hadi tanuri lipoe.

Glezi ikijikunja na kuacha mabaka matupu, mara nyingi ni vumbi au mafuta ya vidole: osha chombo, kikauke siku nzima. Ikipasuka nyufa kama utando wa buibui, inanywea kuliko udongo wakati wa kupoa. Kuongeza mikono hakusaidii. Badili glezi au udongo.

Kwa vyombo vya kulia, epuka glezi yenye madini ya risasi, na uitilie shaka kijani ya shaba. Laza kipande cha limau juu yake usiku kucha. Asubuhi ukikuta doa lililopauka, kikombe hicho kiwe cha kuwekea kalamu. Doa lisipoonekana, bado si kibali: risasi haionekani kwa macho.