Kiyoyozi cha Trela na Jenereta Ndogo

SWALI: Mhariri, tunaishi Texas na tuna trela la kulala safarini. Tukiwasha kiyoyozi chake cha BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwa jenereta ya wati 2,000, feni huzunguka vizuri, lakini kompresa, yaani pampu ya gesi ya kupoza, ikitaka kuanza jenereta huguna na kukata umeme. Tununue kubwa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, msikimbilie dukani. Wati 2,000 zilizoandikwa ubavuni ni za kilele cha muda mfupi. Za kudumu kwa kawaida ni kama 1,600. Kompresa ikishashika mwendo hutosheka na wati 1,500 hivi, ila wakati wa kuanza huweza kudai hata maradufu, na hapo ndipo jenereta yenu inaposhindwa. Fundi awafungie kifaa cha kuianzisha kompresa taratibu, nanyi mzime swichi ya jenereta ya kubana matumizi ya mafuta, mhamishie friji kwenye gesi, na maikrowevu isiguswe kabisa. Mkipanda milima ya Colorado, hata hivyo, hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu, na huenda mkahitaji jenereta ya pili ya aina hiyohiyo, ziunganishwe pamoja. Moshi wake una sumu isiyo na harufu: iwekeni mbali na madirisha, wala msilale bila king'ora cha kaboni monoksaidi.