Je, kusema "nimesubiri saa nzima" ni uongo?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nikisimulia jambo huwa nasema "nimesubiri saa nzima" au "watu wote walikuwapo". Na nikipigiwa simu hujibu "nipo njiani", kumbe bado natafuta mtandio. Mume wangu anasema yote hayo ni uongo, na hunisahihisha hata mbele ya wageni. Nani yuko sawa?

JIBU: Waalaykumu s-salaam warahmatullah. Dada yangu, umechanganya mambo mawili yasiyo na hukumu moja.

Fatma bint Qays, Allah amridhie, alipomaliza eda alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, kwani Muawiya na Abu Jahm walikuwa wamemposa. Imo katika Sahih Muslim kwamba Mtume alimwambia Fatma kuwa Abu Jahm hatui fimbo begani mwake (yaani ni mpigaji), na Muawiya ni masikini hana mali; aolewe na Usama bin Zayd. Sasa Abu Jahm alikuwa akila na kulala, na fimbo huwekwa chini. Muawiya naye hakukosa walau nguo aliyovaa. Imam Nawawi, mwanachuoni wa hadithi, ameligusia hili, akaona ni dalili ya kujuzu mubalagha, yaani kutia chumvi katika maneno. Fatma hakuhitaji kuhesabiwa saa za fimbo. Alihitaji kujua ataishi na mtu wa namna gani, na hilo aliambiwa waziwazi, wala halikuwa usengenyaji, kwa kuwa ni mposwa aliyetaka nasaha.

Basi "saa nzima" yako haina ubaya: msikilizaji anaelewa umechoka kungoja, wala hapangi lolote kwa dakika zako. "Nipo njiani" ni mlango mwingine. Mwenzio anakwenda kukungoja kituoni juani kwa kukuamini. Huo ni uongo, hata kama mji mzima unausema (na hiyo nayo ni mubalagha, mumeo anisamehe).

Ama yeye, kupenda ukweli ni jambo jema. Lakini kukukatiza mbele za watu kwa sababu jirani mmoja hakuwapo hakumfai yeyote, na wewe kunakuvunjia heshima. Mtume (s.a.w.) amesema anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho aseme kheri au anyamaze; hapo kunyamaza kungemtosha. Mkiwa kwenye deni, bei au kasoro ya kitu unachouza, akusahihishe papo hapo, awepo mgeni asiwepo. Allah ametuamrisha tusichoke kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake (Al-Baqara: 282), na huko "kama elfu hamsini hivi" haikubaliki.

Wallahu a'lam.