Remorki ya jetiski kwa Goma: tairi za inchi 8 au ekseli ya gari la zamani?

Ndugu wa Himbi, hapa Goma, umeuliza uchague ipi kati ya remorki (tela) mbili za kubebea jetiski, yaani pikipiki ya majini: ile ndogo ya Kimarekani yenye tairi za inchi 8, na ile ambayo fundi wa kuchomelea anataka kukujengea juu ya ekseli ya gari la zamani. Jetiski yako ni ya watu watatu, gari ni Toyota RAV4. Chukua ya kwanza kama uko tayari kubadilisha magurudumu yake. Ya pili achana nayo, ingawa kwa macho ndiyo inayoonekana ngumu.

Tuanze na uzito. Jetiski ya watu watatu ikiwa kavu huwa na kilo 330 hadi 380, tuseme 350. Tangi la lita 70 likijaa esansi linaongeza kama kilo 52. Jaketi za kuokolea, nanga, kamba na kidumu, weka 20. Tayari ni kama kilo 420, na chuma cha remorki bado hatujakihesabu. Ongeza 150 ya remorki yenyewe, unapata 570. Remorki ya uzito wa jumla wa kilo 750 inakutosha na nafasi inabaki. Soma kibao chake mwenyewe, maana kuna vibao vinavyotaja uzito wa jumla na vingine vinataja mzigo peke yake, na wauzaji wanachanganya hayo mawili kila siku. Kisha fungua kitabu cha gari uone kikomo cha kuvuta remorki isiyo na breki. RAV4 hazifanani, inategemea mwaka na nchi zilikouzwa.

Sasa ile ekseli ya gari. Springi zake zilipangwa kubeba karibu nusu ya gari pamoja na abiria. Ukiziwekea kilo 420 hazipindi vya kutosha, kwa hiyo kila jiwe unalokanyaga linapanda moja kwa moja hadi kwenye bodi ya jetiski. Bodi inaanza kuchanika pale inapolalia mbao, na wewe unalaumu jetiski. Tena vikombe vya breki za gari havikutengenezwa kuzamishwa ziwani: vinashika maji na mchanga. Kama lazima ujengewe hapa hapa, agiza ekseli ya remorki iliyonyooka, ya kubeba kilo 700 hivi, na springi za majani. Kuna ekseli za mpira zilizofungwa ndani ya bomba, zinatembea laini sana, lakini mpira ukichoka hakuna fundi wa kuufungua. Jani la springi likivunjika linapatikana gereji yoyote.

Tairi ndiyo kasoro kubwa ya ile ya Kimarekani. Tairi ya 4.80-8 ina mzunguko wa kama mita 1.28. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inazunguka karibu mara 780 kwa dakika, wakati 155R13, tairi ya rimu ya inchi 13, inazunguka kama mara 550. Beringi zinapata moto zaidi, na gurudumu dogo linaingia shimo lote badala ya kulipita juu. Halafu kuna mawe yetu. Lava ya Nyiragongo iliyopita katikati ya mji mwaka 2002 mpaka ziwani imeacha kokoto zinazokata ubavu wa tairi kama kisu. Tafuta 145R12 au 155R13; hiyo 155/80R13 yenye namba ya mzigo 79 inabeba kilo 437 kila moja, zaidi ya unavyohitaji.

Hapo kuna mtego. Remorki ndogo za Kimarekani kwa kawaida zina matundu manne ya bolti kwenye duara la inchi 4, yaani milimita 101.6. Rimu za magari mengi madogo ya Kijapani ni matundu manne kwa milimita 100. Ukilazimisha inaingia, lakini nati hazikai katikati, zinalegea njiani na siku moja gurudumu linakupita. Nunua rimu za remorki zenye duara lake, au badilisha habu nzima (kitovu cha gurudumu). Pima pia nafasi chini ya madigadi kabla ya kulipa.

Beringi za remorki ya majini mara nyingi hufa kwa sababu hii: habu yenye moto inaingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta maji kupitia sili. Ukifika ufukweni ngoja dakika 15 hadi 20 ndipo uzamishe. Gusa habu kwa mkono, iwe vuguvugu tu. Weka vifuniko vyenye springi vinavyosukuma grisi, na tumia grisi ya majini. Grisi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia: fungua, osha, badilisha sili.

Kivu haina chumvi ya bahari, kwa hiyo chuma chenye zinki kitaishi miaka mingi. Ila kama remorki ilifanya kazi Mombasa au Dar es Salaam kabla ya kupanda huku, gonga mabomba kwa nyundo na chungulia ndani. Kutu huanzia ndani.

Mahali pa kulalia, chagua mbao mbili ndefu zenye zulia, usichague roli. Roli inabana uzito wote sehemu ndogo. Mbao zifike mwisho wa nyuma ya bodi, zisizibe wavu wa kuingizia maji, na skrubu zipigwe kutoka chini. Mkanda wa winchi utoke usawa na pete ya pua ya jetiski au juu yake kidogo. Huo si kifungio cha safari: nyuma funga mikanda miwili, na cheni za usalama zipishane chini ya kichwa cha remorki, pale kinapofunga kwenye gari.

Uzito unaoegemea mpira wa gari, yaani lile tufe la chuma la kuvutia nyuma ya gari, uwe asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote, kwako kilo 40 hadi 57. Weka mizani ya kupimia watu chini ya kichwa cha remorki, kwa kimo cha mpira. Ukipungua, remorki inayumba. Ukizidi, mkia wa gari unakaa chini na taa zinamulika miti. Kama kutoka mpira hadi ekseli ni mita 3, kusogeza jetiski sentimita 5 kunabadilisha kama kilo 7.

Mpira wenyewe: wa Ulaya ni milimita 50, wa Kimarekani wa inchi 2 ni 50.8. Kichwa cha milimita 50 hakikai sawasawa juu ya ule wa inchi 2, hata kama kinaonekana kimefunga. Taa nazo, remorki nyingi za Kimarekani zinatumia balbu moja kwa breki na indiketa, gari lako linazitenganisha. Bila kisanduku cha kubadilishia, ukikanyaga breki huku umewasha indiketa taa zinachanganyikiwa. Na chomoa plagi kabla ya kuingia majini.